Toleo la Mishikaki

Ukitaka kumwona Aliya binti Ayubu akinawa mikono mpaka vidole vikunjamane, mwombe akuonyeshe vitabu vyake. Aliya anapika sabuni ya mawese pale Rumonge, na mawese hayana adabu: yakishaingia kwenye kucha yanakaa kama mgeni aliyesahau kwao. Kwa hiyo ananawa, anajifuta, anajinusa, ananawa tena. Ndipo anafungua kabati, na hata hapo atakukazia macho usije ukalamba kidole kabla ya kufunua ukurasa.

Vitabu vyenyewe, ukisikia habari yake juu juu, utacheka. Ni kitabu kimoja. Kimechapwa mara kadhaa, mahali mbalimbali, kila mara na mchoraji wake, lakini mashairi ni yale yale: mbuzi, kuku, kima, kiboko, dagaa tunaowaita ndagala, simba na wenzao, kila mmoja na ukurasa wake. Aliyeyatunga ni marehemu Mwalimu Melkiades, aliyevuka ziwa kutoka upande wa Uvira zamani za vurugu akaja kufundisha Rumonge. Watoto wa shule wa mwambao huu wanayakariri mpaka leo, hata wale wasiojua ni nani aliyeyaandika.

Toleo la kwanza lilitoka Bukavu. Karatasi yake ni ngumu, ya rangi ya chai, na picha zake zilichongwa kwenye ubao na kugongwa kwa wino mweusi. Kima wake ana macho meupe yanayokufuata ukihama kiti. La Bujumbura lilichorwa kwa rangi za maji na mtawa mmoja, Sista Anastasie, na kiboko wake ana haya kama bibi harusi. La Kigoma ni dogo, linaingia mfukoni, kila ukurasa umezungushiwa pindo kama la kanga. Lipo pia lile la fahari, lililochapwa Ulaya na marafiki wa Mwalimu, jalada lake la kitambaa. Mamba wake amekunjwa ndani, ukimkunjua analala meza nzima. Aliya hakuvipata kwa utajiri. Alivipata kwa katoni za sabuni, kwa kubembeleza, na kwa kukaa kwenye vibaraza vya watu mpaka wakachoka kumwona.

Likabaki toleo moja. Watu wa Rumonge waliliita toleo la mishikaki, na kila walipolitaja walicheka kwanza. Mchoraji wake alikuwa baba yake Aliya.

Hapa inabidi kusimama kidogo, maana msomaji wa mbali atapotea. Ukisema nyama kule Ujiji, watu wananusa sufuria. Ukisema nyama huku kwetu, hasa mbele ya ndugu zetu waliovuka kutoka Uvira na Baraka, huenda unamaanisha kilicho sufuriani, na huenda unamaanisha kilicho porini kikikutazama. Wao mnyama ni nyama, na nyama ni nyama, na hakuna anayekosa usingizi kwa hilo. Mwalimu Melkiades alikiita kitabu chake Nyama Zetu, kama mama yake alivyokuwa akisema, naye alimaanisha wanyama.

Sasa Mzee Ayubu, fundi wa kuandika majina kwenye maduka na mitumbwi, mama yake alikuwa mtu wa Ujiji. Mwalimu alipompa kazi ya kuchora toleo jipya, mji mzima ulifurahi, kwa sababu mkono wa Ayubu ulikuwa unajulikana. Siku ya sherehe wageni walijaa ukumbini, wakagawiwa vitabu, wakafungua. Kwenye ukurasa wa mbuzi palikuwa na mishikaki juu ya makaa. Kwenye ukurasa wa kuku palikuwa na chungu. Ndagala walikuwa wameanikwa. Kiboko alikuwa paja moja linalofuka moshi. Karibu wanyama wote wa Mwalimu walikuwa wamepikwa.

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Mwalimu Melkiades akasimama, akainua mkono, akasema kosa ni lake: alimpa ndugu yake Ayubu jina la kitabu na majina ya nyama tu, hakumpa mashairi, na ndugu yake Ayubu ni damu ya Ujiji, kwao nyama ni ya kuliwa. Ukumbi ukalipuka. Watu walijifuta machozi kwa vicheko. Ayubu alitabasamu kidogo, akainamisha kichwa, na hakusema neno.

Vitabu vilirudishwa kwa mchapaji. Nakala za nyumbani Ayubu aliziwashia makaa yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuchora hata jani. Aliandika herufi tu, ALIMENTATION kwenye duka la vyakula, SALON DE COIFFURE kwa kinyozi, na ukimwuliza sababu alisema herufi hazichekwi. Jina alilobandikwa ni Ayubu Nyama, na lilimfuata sokoni, msikitini, hata kwenye harusi ya binti yake.

Aliya alikuwa msichana mdogo siku ile ukumbini. Alichokumbuka kitabuni ni picha moja tu, ya simba: nadhani mchoraji alishindwa kumpika, akamketisha mezani kama mteja, kitambaa shingoni, na majirani zake wa meza wamesogeza viti mbali. Alikumbuka kwamba ilikuwa picha nzuri. Lakini mtoto huona kila kitu cha baba yake ni kizuri, na hilo ndilo lililomtesa. Alitaka kuyaweka matoleo yote pamoja juu ya meza, la mishikaki katikati, aangalie kwa macho ya mtu mzima na kukata shauri: baba yake alikuwa mjinga wanayemsema, au hakuwa? Maswali mengine ya maisha aliwaachia wenye nafasi.

Basi siku moja rafiki yake Nour, anayenunua ndagala Gitaza na kuuza Rumonge, alimletea habari huku akitafuna.

"We Aliya, jana nimekula Minago, kwa mama mmoja Mkongomani. Menyu yake ni kitabu. Unaonyesha picha na kidole. Nimeonyesha kuku."

"Kitabu gani?"

"Sijui. Iko simba amevaa kitambaa."

Aliya alizima moto chini ya pipa la sabuni. Sabuni ikishaanza kushika haizimwi, kila mpishi anajua, na pipa zima liliharibika. Hakulitazama mara mbili.

Mkahawa wa Mama Esperance uko kando ya barabara kubwa, mahali ambapo malori ya mawese hupumua. Ni chumba kimoja kirefu, kuta nyeupe tupu, mabenchi, na uwazi nyuma unaoonyesha ziwa. Mwenyewe ni mwanamke mnene wa makamo, mzaliwa wa Baraka, sauti yake inafika kabla yake.

"Amahoro, mama! Karibu, ikala ku benchi. Iko mbuzi, iko kuku, iko samaki mukeke wa leo asubui. Muchinjaji wangu ni Mwislamu, usiogope. Angalia mu kitabu, onyesha na kidole."

Akakiweka mezani. Jalada lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa nyavu, kingo zimekuwa kahawia kwa mafuta, na kurasa zilikuwa zinang'aa kama taa imewashwa nyuma yake. Alisahau kunawa mikono. Alifungua popote pale, pakatokea ndagala walioanikwa mchangani, mamia, kila mmoja na jicho lake, na mwanamke anawageuza kwa ufagio kwa namna ambayo ungesema anawalaza watoto. Alifungua tena. Kuku alikuwa ndani ya chungu, kweli, lakini binti aliyekuwa akikoroga alikuwa na unyoya mmoja umenasa kwenye nywele zake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemjua huyo kuku.

Hazikuwa picha za mjinga. Hilo aliliona papo hapo. Zilikuwa nzuri kupita za Bukavu, kupita za Sista Anastasie, kupita mamba wa Ulaya na mkunjo wake. Alitaka kulia, akajizuia kwa sababu alikuwa amekuja kwa kazi.

"Mbuzi," akasema, akaweka kidole.

Mama Esperance hakwenda jikoni. Alijifuta mikono kwenye aproni, akakiacha kitabu wazi mbele ya Aliya, akasimama wima kama yuko kanisani, na chumba kizima kikanyamaza, madereva na wote.

"Kengele yangu shingoni, kila hatua yalia,
Nikila jani la mtu, mwenyewe anasikia;
Ningekuwa na akili, mbali ningeitupia,
Lakini bila kengele, nani angenililia?"

Ndipo alipopiga kelele kuelekea jikoni: "Mbuzi moja!"

"Unasoma kila mara?" Aliya akauliza.

"Kila mara. Hapa kwangu, ile yenye utakula utaisikia kwanza. Mutu akianza kula mbele sijamaliza, ninamunyanganya sahani. Bwana wangu, Mungu amulaze, alikuta hii kitabu sokoni, walikuwa wanafungia karanga. Akasema, Esperance, mwenye alifanya hii alijua kula na alijua kushukuru. Tukafungua resto."

Mwanzoni Aliya alijaribu kwa upole. Akaahidi katoni za sabuni. Mama Esperance akacheka. Akaahidi toleo la Kigoma, la mfukoni, mwenzake akatikisa kichwa. Mwisho akaahidi lile la fahari, la Ulaya, na aliposema maneno hayo aliona kama anauza jino lake mwenyewe.

"Hii kitabu siuzishe," akasema Mama Esperance. "Hata ulete ya dhahabu. Kuko mutu moja tu ningemupatia: mwenye alichora. Yeye akikuja na miguu yake, atabeba."

"Mwenye alichora ni baba yangu."

"Basi muambie baba yako akuje."

Rahisi kusema! Aliya alibaki ameshika kitabu, na kwa kuwa hakujua kama atakiona tena, alirudi kwenye ukurasa wa mbuzi aukariri kwa macho. Palikuwa na makaa, mishikaki, mkono wa mtu unaopepea. Pembeni palikuwa na meza, na juu ya meza kisahani cha chumvi. Karibu na chumvi palikuwa na kitu kidogo cha duara. Alikisogelea mpaka pua ikagusa karatasi. Ilikuwa kengele, kamba yake bado imefungwa fundo.

Akasoma shairi. Akatazama picha. Akasoma tena. Mtu aliyepewa majina ya wanyama tu, bila mashairi, kengele angeitoa wapi?

Nyama ilipoletwa hakuila. Alipanda pikipiki ya kwanza iliyosimama, akarudi Rumonge.

Alimkuta baba yake uani, amechuchumaa mbele ya bati la duka, anajaza rangi ndani ya herufi P.

"Baba, ile kengele ulitoa wapi?"

"Kengele gani?"

"Ya mbuzi. Iko mezani, karibu na chumvi."

Brashi ikasimama. Mzee Ayubu hakugeuka, lakini tone la rangi likaanguka mahali pasipostahili.

"Umekiona wapi?"

"Minago. Baba, dunia nzima inasema ulipewa majina tu. Jina la mbuzi halina kengele. Kengele iko ndani ya shairi. Uliyasoma."

Ayubu alichukua kitambaa, akalifuta lile tone polepole, akaliangalia bati kama limemwambia jambo.

"Niliyasoma," akasema. "Mwalimu aliniletea mwenyewe. Alinisomea yote kwa sauti, hapo hapo uliposimama."

Aliya alikalia ndoo iliyokuwa karibu. Hasira ilimjia, na haikuwa hasira ya kumwonea baba yake huruma. Ilikuwa hasira kavu.

"Sasa kwa nini ulinyamaza?"

"Ulimsikia Mwalimu siku ile? Alisimama mbele ya watu akasema uongo. Mtu ambaye hakumwongezea mwanafunzi nusu maksi maisha yake yote, alidanganya kwa ajili yangu. Aliona wananicheka, akanitafutia mlango wa kutokea. Ningefanyaje? Ninyanyuke niseme si kweli, alinipa mashairi yote? Nimwumbue mbele ya wageni wake, siku yake?"

"Wamekuita mjinga mpaka leo!"

"Nimezoea."

"Mimi sijazoea," akasema Aliya. "Na Mwalimu sasa hayupo. Hakuna wa kuumbuka tena ila wewe. Twende Minago."

"Siendi."

"Na kwa nini uliwachora vile, kama ulijua?"

"Hilo pia siendi," akasema mzee, jibu lisilo na maana, akachovya brashi tena.

Mtu asiyemjua Aliya angedhani mambo yaliishia hapo. Lakini huyu ni mwanamke aliyewahi kukaa kibarazani kwa mjane wa Nyanza-Lac, mvua inamnyeshea, mpaka mjane akamtupia toleo la Bukavu ili aondoke. Alifunga kibwebwe. Kila asubuhi alimletea baba yake chai na neno moja: Minago. Mzee akasema goti. Goti lilipopona, akasema mvua. Mvua ilipokatika, akasema kuna mteja wa mtumbwi anangoja jina lake. Aliya akaenda kwa mteja wa mtumbwi, akampa sabuni, akamwomba angoje. Jirani mmoja alimwambia amwache mzee wa watu apumzike. Akamjibu kwamba baba yake amepumzika vya kutosha, amepumzika tangu yeye yuko shule ya msingi.

Alivaa uso wa mbuzi, kwa ufupi, na hakuuvua.

Kilichomgeuza mzee hakikuwa hoja. Yalikuwa mazungumzo ya kawaida tu, Aliya anakata sabuni vipande na kusimulia kwa kujiliwaza jinsi madereva wa malori wanavyonyamaza.

"Wananyamaza kwa nini?" akauliza Ayubu.

"Si nimekwambia. Mama Esperance anasoma shairi la ile nyama unayotaka kula. Ukianza kula kabla hajamaliza anakunyang'anya sahani."

"Anasoma kabla?"

"Kabla."

"Akiwa na picha mbele yake?"

"Picha iko mbele yako wewe. Yeye shairi analisoma kichwani."

Mzee Ayubu aliendelea kuangalia kisu kikipita kwenye sabuni. Midomo yake ililirudia neno lile bila sauti: kabla. Kesho yake Aliya alipoleta chai, alimkuta amevaa kanzu na kofia yake ya Ijumaa, na siku ile haikuwa Ijumaa.

"Pikipiki ya nani inakwenda Minago?" akauliza.

Walifika wakati wa chakula cha mchana. Mabenchi yalikuwa yamejaa, na karibu na mlango alikuwepo Lukeba, dereva wa lori la mawese, mteja wa siku nyingi, mtu mwema lakini mdomo wake hauna breki. Alikuwa amekumbatia kile kitabu na anamwonyesha mwenzake mgeni. Aliya alitaka kwenda moja kwa moja kwa Mama Esperance, lakini baba yake alikuwa tayari ameketi, macho yake yamenasa kwenye jalada lililoshonwa kwa uzi wa nyavu.

"Hii iko na hadisi," Lukeba akawa anasema kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani. "Mwenye alichora alikuwa mutu wa Rumonge, mujinga mukubwa! Walimuambia achore nyama, na yeye akachora nyama! Ayubu Nyama! Hata kiboko amemubanika!"

Chumba kikacheka. Hakikucheka kwa ubaya. Walikipenda kile kitabu, na hadithi ya mjinga wake walikuwa wameila pamoja na ugali wao kwa miaka. Ila Aliya aliona ukumbi ule wa zamani, na kicheko kinachoanzia nyuma kuja mbele. Akanyanyuka. Alikuwa na maneno mdomoni ambayo binti wa Kiislamu hasemi mbele ya mzazi.

Baba yake akamshika kifundo cha mkono, akamketisha. Kisha akasimama yeye.

"Sikukosea," akasema.

Hakupaza sauti. Wachache walisikia, wakawatazama wengine, na wengine wakanyamaza kwa sababu ya wachache.

"Unasema nini, papa?" Lukeba akauliza.

"Nasema sikukosea. Ayubu Nyama ni mimi. Mashairi nilisomewa yote, kabla ya kugusa brashi. Nilichora vile kwa kusudi."

Mama Esperance alitokea jikoni na kijiko mkononi. Lukeba alifunga kitabu taratibu, kama mtu aliyekutwa anapekua mfuko wa mwenzake.

"Papa, unisamehe. Lakini… kwa nini?"

Mzee Ayubu alivua kofia, akaishika mbele ya kifua. Aliya hakuwa amemwona akizungumza mbele ya watu maisha yake yote.

"Mwalimu Melkiades alikuwa Mkristo, mimi Mwislamu. Kila akiwa na karamu aliniita nichinje mimi, ili majirani wote tule chungu kimoja. Kuku wote wa kitabu hicho niliwachinja mimi. Yule mbuzi pia. Alikuwa na kengele kweli. Mwalimu alimlea kwa mkono, mama yake alikufa akimzaa, akawa anamfuata mpaka darasani. Siku ya ubatizo wa bintiye aliniita. Alimshika miguu yeye mwenyewe, hakutaka mtu mwingine amshike. Alilia, mtu mzima, machozi yakafika kwenye ndevu. Mimi nikaivua ile kengele, nikaiweka mezani, karibu na chumvi. Halafu tukala. Yeye alikula kutushinda sote, akasifu, akaongeza. Baadaye akaandika shairi."

Hakuna aliyegusa sahani.

"Aliandika asubuhi ya yule mbuzi. Jioni yake hakuiandika, ilimshinda. Nikaichora mimi. Mbuzi ni yule yule mmoja."

Aliya aliinamisha uso akalia wazi wazi, pua na yote, na hakuona aibu. Miaka yote alikuwa amejiandaa kumtetea baba yake, kumbe kazi ilikuwa kumfikisha tu mahali pa kusimama.

Lukeba aliutazama mfupa uliokuwa mbele yake. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake ya kutazama chakula, kisha akauokota akamalizia kilichobaki, kwa utulivu, mpaka mwisho. Akajifuta, akachukua kitabu kwa mikono miwili na kukipeleka kwenye meza ya mzee.

"Ahadi ni ahadi," akasema Mama Esperance. Sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilikuwa ndogo. "Umekuja na miguu yako. Beba, papa. Ni yako."

Ayubu alikisukuma upande wa Aliya. Wapo ambao wangekataa kwa uungwana, wakasema kibaki hapa hapa, ndipo mahali pake. Aliya si mmoja wao. Alikifunga ndani ya kitenge alichokuja nacho kwa kazi hiyo, akakipakata.

"Murakoze, Mama Esperance," akashukuru.

"Mashairi iko mu kichwa, hiyo haina shida," Mama Esperance akasema, macho yake yakikifuata kitenge. "Lakini mutu iko na hitaji mahali pa kuweka kidole. Nitawaonyesha nini sasa?"

Hakumwuliza mtu yeyote hasa. Mzee Ayubu alikuwa amekwishaondoka kwenye benchi. Alikwenda mpaka kwenye ule ukuta mrefu, mtupu, akaweka kiganja juu yake, akakisogeza, akagonga hapa na pale kwa kidole, akakwangua kidogo kwa ukucha na kuonja ile chokaa kwa ncha ya ulimi.

"Huu unataka kupakwa mara mbili kwanza," akasema. "La sivyo rangi itanyonywa yote."

Halafu akauliza kama wana ngazi.